Hotipoti ya Udongo Juu ya Paa

Marahaba, marahaba. Najibu kabla hamjanisalimia, maana nawajua. Kijana akifika juu ya lile paa la Mchafukoge, pumzi ya kusema shikamoo anakuwa ameiacha ghorofa ya nne. Si kosa lenu. Lifti ya pale iliharibika siku ileile iliyofungwa, na ngazi zake ukianza kuzipanda una njaa, ukifika juu una mvi. Mimi nilizipanda miaka kumi na moja. Zilipoanza kunipanda mimi, nikastaafu.

Sasa mmeniomba niseme namna ya kuatika miche kwenye meza za maji. Anayeandika ni mjukuu wangu. Mimi nasema, yeye anayakimbiza maneno. Shule niliipita kwa nje, jembe begani, kwa hiyo msitegemee vitabu humu. Nina mikono tu.

La kwanza: osha mikono. Usicheke. Osha mpaka ndani ya kucha, kama mtu anayetaka kumpokea mtoto mchanga. Nyie mnaosha kwa sababu mmeambiwa. Mimi naosha kwa sababu niliwahi kuua miche mia tatu kwa udongo ulioenea kwenye hotipoti moja tu ya ubwabwa, na kidogo nimzike na binti wa watu hapohapo.

Mimi asili yangu ni mtu wa mchicha. Kabla ya paa nililima bondeni Jangwani, matuta yangu yakipakana na maji machafu huku na kelele za mpira huku. Mchicha wangu ulikuwa mrefu, watu waliotoka kuangalia timu ikifanya mazoezi walikuwa wanapotelea humo, naenda kuwatoa jioni. Sawa, nimeongeza kidogo. Lakini wauzaji wa Kariakoo walikuwa wananijua. "Ni wa Mzee Kondo huu?" Wakiambiwa ndio, hawauliziulizi.

Shida ya Jangwani mnaijua. Mvua ikinyesha hata kwenye nyumba ya jirani, bonde linajaa. Mwaka mmoja vuli ilikuja imekasirika, kama kuna mtu kaitukania mama. Nilipoweza kushuka tena bondeni sikuyaona matuta. Niliona ziwa, na katikati yake keni yangu ya kumwagilia inaelea, imeniacha.

Maji yalivyopungua nikazunguka. Matuta ya juu, yale ambayo maji yalipita na kwenda zake siku hiyohiyo, mchicha ulikuwa umelala lakini hai. Ya chini, maji yalipotuama, yote yameoza. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Ila kuona na kuelewa ni ndugu wasioishi nyumba moja. Nilikuja kuelewa baadaye sana.

Nilikuwa nimeikalia ile keni, nimeshika tama, akaja binti amevaa mabuti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Wewe ndio Mzee Kondo wa mchicha?"

"Nilikuwa. Sasa hivi ni Mzee Kondo wa ziwa."

Akacheka. "Unajua kuatika?"

"Binti, miche niliyoatika mimi ikishikana mikono inafika kwenu Moshi, inakunywa chai, inarudi."

"Umejuaje kwetu ni Moshi?"

"Hayo mabuti. Mzaramo gani anavaa mabuti kuja kuangalia tope?"

Ndiye Neema. Baba yake, Mzee Massawe, ana duka la jumla la mabeseni na ndoo za plastiki Kariakoo, na ghorofa la Mchafukoge ni lake. Wateja wote wanamwita Mangi, kama chifu wa kwao Moshi, na mimi nikamwita hivyohivyo. Neema alikuwa amesomea kilimo, amerudi na cheti, na Mangi alikuwa hajui cheti cha kilimo kinafanya nini katikati ya mji. Yeye alitaka Neema, mwanawe mkubwa, akae dukani. Neema alitaka paa.

Wakabishana mpaka wakafika mahali pa kukubaliana. Watu wa Moshi mnawajua, Desemba ikifika Kariakoo inabaki nusu, wote wako njiani kwenda nyumbani. Mangi akamwambia: "Siku tunayoondoka kwenda nyumbani nitapanda juu. Nikikuta kijani, paa lako. Nisipokuta, Januari unashika funguo za duka, na sitaki kusikia tena neno shamba." Neema akakubali. Halafu akashuka Jangwani kutafuta mikono, akanikuta mimi na keni.

"Njoo unisaidie mikono," akaniambia, "mimi nitakufundisha maji."

Nikamwambia maji yameshanifundisha. Akasema, "Haya ni tofauti."

Siku ya kwanza kupanda juu nilifika nimekaa chini. Nikakuta meza sita zenye kingo, zimejaa kokoto ndogo. Chini yake tangi la maji yenye mbolea, lina pampu. Kuna kisaa cha umeme, wenyewe mnakiita taima. Kikifika saa yake kinawasha pampu, maji yanapanda kwenye meza, yanafunika kokoto mpaka karibu na juu, yanakaa kama muda wa kunywa chai. Pampu inazima, maji yanarudi kwenye tangi. Baada ya saa kadhaa yanapanda tena. Udongo hakuna. Hata wa kupaka ukutani.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo mimi nimekimbia mafuriko Jangwani, nimekuja kuajiriwa na mafuriko?"

"Haya yanarudi, mzee."

Mwalimu wangu huyo alikuwa na umri wa mwanangu wa mwisho. Nimefundishwa na wazee wengi, wengine kwa fimbo, lakini hakuna aliyenifundisha vizuri kama yule mtoto. Hakuwahi kuniambia sijui. Aliniambia, "Kwenye udongo tunafanya vile, hapa tunafanya hivi." Nyie mtakaofundisha wengine kesho, lichukueni hilo.

Miche ya saladi tuliiotesha kwenye vumbi la makumbi ya nazi. Hapo mimi nilimwaga mbegu mara mbili ya zile alizotaka. Akanikemea. "Mzee, mbona nyingi? Meza zina mashimo mia tatu tu." Nikamjibu mkulima anapanda zake, za panya, na za kuku wa jirani. Akasema ghorofa ya tisa kuna kuku gani? Mbegu sikuzipunguza. Zilizozidi nikaziweka kwenye beseni la dukani kwa Mangi, pembeni ya ngazi, kwenye kivuli.

Siku ya kuatika ikafika, Jumamosi. Saladi ilikuwa imetoa majani manne. Hapo mikono yangu ilikuwa nyumbani. Lowesha miche kwanza ili itoke bila kulia. Shika jani, usishike shingo. Jani likikatika linaota jingine, shingo ikiminywa umemnyonga mtu. Ukiuweka kwenye kokoto, mizizi ielekee chini maji yanapofika, shina libaki kavu juu. Na fanya kazi hii alasiri, jua likiwa limeshusha sauti. Mche uliohamishwa ni kama bibi harusi siku ya kwanza ugenini: usimpe kazi, mpe kivuli.

Tulikuwa tumeatika meza moja, simu ikaita. Mangi anamtaka Neema dukani, mzigo umefika. Akaniachia. "Malizia mzee, nakuamini."

Nikabaki mimi na ile miche. Naiangalia. Mizizi imetoka uchi, myeupe, inaingia kwenye mawe. Roho ikaniuma. Miaka yote niliyolima, kila mche niliupa udongo kabla sijaupa maji. Kwetu hata mtoto akizaliwa kitovu kinaenda udongoni. Sasa hawa masikini wamekosa nini?

Na mimi nilikuwa nimekuja na udongo, naomba mjue hivyo. Haikuwa bahati mbaya. Asubuhi ile nilipita Jangwani kwenye tuta langu la juu nikajaza hotipoti, nikaifunika vizuri, nikapanda nayo ghorofa zote tisa. Neema alinisifia njiani: "Leo umekuja na ubwabwa, mzee?" Nikasema ndio.

Basi kila shimo nikalipa. Kijiko kimoja cha chai. Nikarudi meza ya kwanza nayo nikaipa, wasije wakaoneana wivu. Nilimaliza nimefurahi, kama niliyetoa sadaka.

Kesho yake Jumapili, Neema kaenda kanisani, mimi nikavuka Magogoni kwenda Kigamboni kwa dada yangu. Jumatatu asubuhi tukapanda pamoja. Mimi ndiye niliyekuwa mbele, lakini yeye ndiye aliyepiga kelele.

Meza zote sita zimejaa maji. Yametulia kama kioo, unaweza kunyolea ndevu. Maji yalipanda Jumamosi jioni, yalipotaka kushuka yakakuta chujio la bomba limezibwa. Pampu nayo imekula tope, imenyamaza. Miche imesimama ndani ya maji ya vuguvugu tangu juzi, na jua la Dar mnalijua. Majani yamelala juu ya maji. Niliinua mmoja, mzizi ukabaki kwenye vidole, wa kahawia, unanuka.

Ile harufu niliijua. Ni ya matuta yangu ya chini.

Neema akafungua bomba, akatoa kitu cheusi. "Mzee, hili tope limetoka wapi?"

Nikamwambia, "Labda upepo."

Wajukuu, mimi nimesema uongo mwingi maishani, mwingine mmeusikia leo. Lakini ule wote ni wa kuchekesha. Huu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa sababu aliniamini. Akaanza kujilaumu yeye. Amekosea vipimo vya bomba. Kokoto hakuziosha vizuri. Alisafisha mabomba, akafungua pampu, akaifunga, akawasha, maji yakawa yanapanda na kushuka vizuri kabisa juu ya maiti mia tatu. Siku nne alikuwa anakaa juu ya tangi na daftari anajitafuta alipokosea. Mimi nazunguka na ufagio nafagia mahali pasafi. Siku ya nne akaniambia, hata hakuinua kichwa: "Mzee, kesho nitamwambia baba nimeshindwa. Bora nimwambie mwenyewe kuliko apande ngazi zote hizi kuja kuona aibu. Funguo za duka nitazishika."

Akashuka kunywa chai. Nikabaki natazama zile meza, na hapo ndipo nilipoona.

Kwenye kokoto, pale pale kwenye kila shimo, kulikuwa na vitu vidogo vinachungulia. Majani mawili mawili, vishina vyekundu. Nikasogeza macho. Mchicha! Mchicha wangu wa Jangwani! Mbegu zilikuwa kwenye ule udongo, zikapanda nazo ghorofa ya tisa bila kutoa jasho, na sasa zimeota meza sita nzima. Uongo wangu umeota, tena umeota kwa mistari.

Nikafanya nini? Nikaanza kung'oa. Haraka haraka, natia mfukoni. Nimeng'oa kama thelathini, mkono ukakataa. Siwezi kuwaeleza vizuri. Maisha yangu yote mkono huu umekuwa ukiutafuta mchicha unaoota, na hata siku moja haujang'oa mzima na kuuficha. Nikasimama na mche mmoja kiganjani. Nikawaza: mchicha huu hauna kosa. Umeambiwa ota, umeota. Aliyesema upepo ni mimi.

Neema aliporudi nikamfungulia kiganja.

Akautazama. Akatazama meza. Akatazama hotipoti yangu pale kwenye kona.

"Ule ubwabwa," akasema.

"Haukuwa ubwabwa."

"Kwa nini mzee?"

"Niliionea huruma, mwanangu."

Nilitamani anitukane. Halafu akasema taratibu, "Mzizi unapumua, mzee. Maji yakipanda unakunywa, yakishuka unavuta pumzi. Uliipa chakula ukaiziba pua." Akafuta macho. "Siku nne nimejiona mjinga. Siku nne, Mzee Kondo!"

"Nifukuze."

"Nikufukuze, nani ataosha kokoto?"

Na nikaziosha. Moja moja. Kufika jioni nilikuwa nazijua kwa majina, zingine tumekuwa ndugu. Chini ya bomba nasugua, huku naliona lile ziwa la Jangwani, na nikaelewa kitu nilichokuwa nimekiona siku nyingi. Maji hayaui kwa kuja. Yanaua kwa kukaa.

Nilipomaliza nikamwambia aje ngazini. Nikamfunulia beseni. Ile miche ya panya na kuku wa jirani ilikuwa pale kwenye kivuli, imejaa tele, imepitiliza kidogo lakini mizima. Neema akakaa kwenye ngazi akacheka mpaka machozi yakarudi. "Mzee wewe," akasema, "unaua kwa mkono huu unafufua kwa huu."

"Mia tatu na kumi na nane," nikamwambia. "Kumi na nane za kuku."

Tukaatika tena. Safari hii nilinawa mpaka viwiko. Na kabla ya mche hata mmoja tulipandisha maji kwenye meza tupu, tukasubiri yashuke, tukapandisha tena. Hilo ndilo la pili ninalowaambia: usihamishie miche kwenye meza ambayo hujaiona ikijaa na ikiisha. La tatu, mbolea ya siku za mwanzo iwe nyepesi kama uji wa mtoto. La nne nimelisahau, mtalikuta wenyewe.

Siku ya safari ikafika. Saladi ilikuwa na wiki tatu tu kwenye meza, ndogo, kama kiganja cha mtoto. Chini barabarani gari linapakiwa, mama yake Neema na wadogo zake wameshakaa. Mangi akapanda. Alifika juu amevaa kofia ya safari, anahema kama pampu yetu. Akatoa bunda la funguo za duka, akaliweka kwenye ukingo wa meza. Liliongea lenyewe.

"Niliahidiwa kijani," akasema akishapata pumzi. "Hii naona ni sampuli ya kijani."

Neema akafungua mdomo. Nilijua anachotaka kusema, atasema amechelewa. Nikamtangulia.

"Mangi, ya kwanza niliiua mimi. Binti yako hajakosea hata nukta. Nilileta udongo kwa siri, kwenye hotipoti, nikaupa kila mche kijiko. Ukaziba bomba. Nikadanganya siku nne. Kama ni kufukuza, ngazi nazijua."

Mangi akaniangalia. "Udongo? Kwenye hotipoti?"

"Ndio."

"Ghorofa tisa?"

"Tisa."

Akageukia zile saladi. Akavuta mche mmoja taratibu, tena alishika jani, nikajua huyu amelelewa shambani. Mizizi ikatoka mirefu, myeupe pee, inadondosha maji.

"Haina udongo kabisa," akasema, kama anajisemea.

"Kabisa, baba," Neema akajibu.

"Bibi yako akiona hivi atasema ni mazingaombwe." Akaendelea kuushika. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi ningeweka, Mzee Kondo. Kijiko kimoja tu. Ningeweka."

Hapo taima ikalia tiki. Pampu ikaguna, maji yakaanza kupanda kwenye kokoto. Mangi akarudi nyuma hatua moja.

"Nani kawasha?"

"Hakuna, baba. Ni saa yake."

Kule chini gari likapiga honi. Mangi hakutingishika. Maji yakapanda mpaka vidole viwili kutoka juu, yakasimama. Honi ikalia tena. Akauliza, "Na yakikataa kushuka?"

Nikamwambia, "Ndipo yanapoua. Nimeyaona Jangwani, nikayaona hapa."

Tukasimama watatu tunasubiri. Sijawahi kusubiri maji namna ile. Muda wa kunywa chai, nakwambieni, ulikuwa mrefu kuliko mfungo mzima. Pampu ikazima. Kimya. Halafu tukasikia chini ya meza yale maji yanaguguma kwenye bomba, yanarudi kwenye tangi, na kokoto zikabaki zinameta.

Mangi akaurudisha mche kwenye shimo lake, akaubana kwa kokoto kwa vidole viwili. Akazichukua funguo za duka, akatia mfukoni.

"Nipe moja nimpelekee bibi," akamwambia Neema. "Ile iliyonona. Na wewe twende, mama yako ataivunja hiyo honi. Mzee atabaki na maji yake." Akafika mlangoni akageuka. "Kondo. Hotipoti iache nyumbani."

Siku hizi mapaa ya Neema ni manne, na nyie ndio mnaopanda ngazi. Mgongo wangu umestaafu, mdomo bado. Hotipoti niliiacha nyumbani kama nilivyoambiwa. Ipo dirishani, ina udongo uleule wa Jangwani, na ule mche mmoja niliokuwa nao kiganjani niliupanda humo. Ulitoa mbegu, nikapanda tena, ukatoa tena, mpaka leo.

Nikiwapa wosia ni huu. Miche mnayoiatika kule juu msiipe udongo hata chembe, hata roho ikiwauma kiasi gani. Mimi nipeni wote. Msije mkanizika kwenye kokoto mkaniwekea taima. Na ile hotipoti mwageni juu yangu, halafu subirini siku nne. Mchicha ukichungulia, mtajua mwenyewe kafika.